Raba za badminton zisizofungwa kwa kamba: mwongozo kamili wa kuchagua, kujaribu na kutunza

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu amechoka na kamba, amenunua raba za kitufe cha kuzungusha kinachokaza waya, au za velkro, yaani mikanda ya kubandika, na baada ya wiki mbili kisigino kinacheza ndani ya kiatu, vidole vinakufa ganzi, au kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi. Lawama zote anakitupia kifungio. Nikimuuliza alichaguaje, naambiwa alianza na kifungio, akamalizia na namba ya kiatu.

Kosa liko hapo. Kifungio hushika mguu uliokwisha kukaa mahali pake. Hakiwezi kukirekebisha kiatu kisicho na umbo la mguu wako. Kwa hiyo hapa tunaanza na mguu, tunakwenda kwenye soli, ndipo tunafika kwenye kifungio. Usiruke hatua, hata kama tayari umeshapenda raba fulani.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi nyeupe ndefu kuliko wayo wako, penseli na rula
- Soksi zilezile unazochezea
- Raba zako za zamani, hata kama zimechakaa
- Insoli yako (ile soli ya ndani inayotolewa), kama unatumia ya kwako
- Kalamu ya wino unaotoka ukifua
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- Sakafu ngumu na kavu, yenye nafasi ya hatua nne kwenda upande

Raba za zamani ndizo watu husahau, nazo zina habari nyingi. Zigeuze uone zimelika wapi.

## Hatua ya 1: Jua kamba inakusumbua kwa lipi

Kama shida yako ni kamba kufunguka tu katikati ya mchezo, huenda huhitaji raba mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza mwaka 2017 jinsi jambo hilo linavyotokea: mguu ukitua kwa kishindo, fundo hulegea, na ncha zinazorushwa huku na huku mguu ukitembea hulivuta mpaka likaachia. Walionyesha pia kwamba fundo lililopishanishwa vibaya huachia mapema.

Simama, utazame vitanzi vya kamba yako. Vikilala kukingama kiatu, kimoja kushoto na kingine kulia, fundo ni zima. Vikijipinda kimoja kuelekea vidole na kingine kuelekea kifundo cha mguu, unafunga kinyume. Badili upande wa mpishano wa kwanza tu, mengine fanya ulivyozoea. Jaribu wiki moja. Wapo ambao safari yao itaishia hapa, na nitafurahi nao.

Wengine wana sababu ambazo fundo haliziondoi: vidole vya mkono vyenye baridi yabisi, mgongo usiokubali kuinama muda mrefu, mguu unaovimba katikati ya mechi, mtoto ambaye hajajua kufunga, au mkono mmoja tu unaofanya kazi. Badminton ya watu wenye ulemavu, iliyoingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, ina daraja la SU5 la wachezaji wenye ulemavu wa mikono. Kwa mchezaji kama huyo, kifungio cha mkono mmoja ndicho kinachomwezesha kuingia uwanjani bila kumsubiri mtu.

Andika sababu yako kwa sentensi moja. Utaihitaji katika hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Pima miguu yote miwili, jioni

Miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi ukicheza. Ukipima asubuhi utapata namba ya mguu ambao hutacheza nao.

Vaa soksi za kuchezea. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, kisha simama kwa uzito wako wote. Mtu mwingine achore mzunguko wa mguu, penseli ikiwa wima. Ukiinama mwenyewe, uzito unahama na mchoro unakosea. Pima kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu zaidi. Si lazima kiwe kidole gumba, kwani wengi kidole cha pili ndicho kirefu. Kisha pima upana pale wayo unapopanuka, nyuma kidogo ya vidole.

Rudia mguu wa pili. Tofauti ya milimita chache ni kawaida, na ununuzi unafuata mguu mkubwa.

Kuna mtego kwenye lebo. Katika mfumo wa Kijapani, ambao watengenezaji wengi wa raba za badminton huufuata, namba kama 26.5 ni urefu wa mguu kwa sentimita, na nafasi ya vidole imeshawekwa ndani ya kiatu. Ukiongeza sentimita nyingine kwa hofu ya kubanwa, umepata kiatu kikubwa, na hakuna kifungio kitakachokuokoa. Herufi E hueleza upana: 3E ni pana kuliko 2E, na 4E ni pana zaidi. Mwenye wayo mpana mara nyingi hununua kiatu kirefu kupita kiasi ili apate upana. Atafute E iliyoongezeka, urefu aache ulivyo.

Ukimaliza uwe na urefu na upana wa kila mguu, vimeandikwa kwenye karatasi ileile. Itunze.

## Hatua ya 3: Kagua soli na mwili wa kiatu kabla ya kifungio

Badminton ni mchezo wa kusimama ghafla. Uwanja wa mchezaji mmoja una upana wa mita 5.18, na kutoka wavuni hadi mstari wa nyuma ni mita 6.7. Katika eneo dogo hivyo huna nafasi ya kukimbia. Unachupa, unakita, unageuka, unarudi katikati. Raba za kukimbilia barabarani zina kisigino kilichoinuka na povu laini, kwa sababu zimetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbele. Ukizivaa na kukita mguu upande, kifundo kinapinduka juu ya kile kimo. Ndivyo watu wengi wanavyoteguka.

Chukua kiatu mkononi.

Soli iwe ya mpira unaoshika, mara nyingi wa rangi ya kahawia, usioacha alama sakafuni. Ubonyeze kwa ukucha: uwe na ulaini kidogo, usiwe mgumu kama plastiki.

Shika ncha kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, ukunje. Kijikunje pale vidole vinapokunjika. Kikijikunja katikati ya wayo, kirudishe. Kisha kisokote kama unayekamua nguo. Sehemu ya katikati ipinge.

Bonyeza ukuta wa kisigino kwa dole gumba. Ukibonyea kama kitambaa, kisigino chako kitacheza hata ukifunga vipi. Huu ndio mtihani ninaouamini kuliko yote, kwa sababu vifungio vyote huvuta mguu nyuma, na nyuma lazima pawe na kitu cha kuuegemea.

Sasa tazama zile raba za zamani. Wanaocheza kwa mkono wa kulia mara nyingi huburuza mguu wa kushoto wanapochupa mbele, na upande wa ndani wa ncha ya kiatu hicho hulika kwanza. Kama zako zimelika hapo, raba mpya iwe na mpira wa kinga mahali hapohapo.

## Hatua ya 4: Chagua kifungio kulingana na sentensi yako

Kitufe cha kuzungusha na waya. Mfumo unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya BOA, na Yonex, watengenezaji wa vifaa vya badminton, ni miongoni mwa waliouweka kwenye raba za badminton. Power Cushion 88 Dial ni mfano mmoja. Unakibonyeza kitufe, unakizungusha kikilia tiki-tiki, na waya mwembamba uliopitishwa kwenye vishikizo vya pande mbili unavutwa. Kwenye vitufe vingi, ukikivuta kwa nje waya wote huachia kwa mara moja. Vingine hukuruhusu pia kulegeza kidogokidogo, na hivyo ndivyo bora kwa mguu unaovimba.

Sifa yake kubwa ni usahihi. Waya huteleza kwenye vishikizo, kwa hiyo mvuto hausimami mahali pamoja, na unaweza kuongeza tiki moja bila kufungua kitu. Kwangu mimi ndicho kifungio pekee kisicho cha kamba kinachoweza kumridhisha mchezaji wa mashindano.

Lakini tazama kitufe kimekaa wapi. Kikiwa juu ya ulimi wa kiatu, sukuma goti mbele mpaka lipite vidole: kisiguse mshipa wa mbele ya kifundo. Kikiwa pembeni, kiwe upande wa nje, kwa kuwa cha upande wa ndani kitagongana na mguu wa pili. Halafu pitisha kidole juu ya ulimi mahali waya unapovuka. Ukihisi mstari mwembamba ukikandamiza mfupa wa juu ya mguu hata kabla hujacheza, ulimi ni mwembamba mno kwako.

Nawaonya pia wenye baridi yabisi. Kitufe kinataka dole gumba na vidole viwili vyenye nguvu ya kubana, kuzungusha na kuvuta. Kijaribu siku ambayo mikono inauma, usikijaribu siku nzuri. Wapo niliowaona wakishindwa kuvuta kitufe ili kufungua, wakabaki na kiatu mguuni hadi wasaidiwe.

Mikanda ya velkro. Hapa mkono mzima unafanya kazi, si ncha za vidole, ndiyo maana inawafaa wazee na watoto. Tafuta yenye mikanda miwili au zaidi, na mkanda wa juu upite kwenye pete na kurudi nyuma ulikotoka. Pete hiyo inakupa mvuto mkubwa kwa nguvu ndogo. Mkanda unaobandikwa tu juu ya kiatu hauvuti, unafunika.

Udhaifu wa velkro ni kwamba hukaza pale inapovuka tu. Mbele, karibu na vidole, kiatu hubaki kilivyo, kwa hiyo upana wa hatua ya 2 lazima uwe sahihi kabisa.

Kamba za lastiki. Ndizo rahisi kupata, huingia kwenye raba ulizonazo, na ndizo zinazoumiza watu wengi. Nieleze kwa nini, maana nilizichezea msimu mzima. Nilipenda kuvaa raba kama kandambili. Siku moja nikachupa kufuata kinyoya, kile tunachokipiga kwa raketi, kilichodondokea karibu na wavu, kona ya mbele kulia. Soli ikakita. Kiatu kikasimama. Mguu haukusimama: uliteleza mbele ndani ya kiatu, kidole gumba kikagonga ukuta wa ncha. Jioni ile kucha ilikuwa ya zambarau, kesho yake nyeusi, na ilichukua miezi kung'oka na kuota upya.

Lastiki huvutika zaidi kadiri nguvu inavyozidi. Nguvu ya badminton hufika kileleni pale unapokita mguu, ndipo unapotaka kushikwa, na ndipo lastiki inapoachia. Mkimbiaji anayekwenda mbele tu haoni tatizo hilo. Wewe utaliona.

Kama lazima ubadilishe kwenye raba ulizonazo, tumia uzi usiovutika wenye kibano cha kuteleza. Ushike kwa mikono miwili uuvute: ukirefuka kwa macho, ni lastiki. Upitishe kwenye matundu yote, pamoja na lile la juu kabisa, na mkia uliobaki uuchomeke chini ya uzi ulioko juu ya ulimi. Mkia unaoning'inia utaukanyaga.

Vya kuviacha. Vipande vya silikoni vinavyoziba kila jozi ya matundu, na viatu vya kuchomeka mguu kama soksi: vyote huvutika kama lastiki au zaidi. Viatu vinavyojifunga kwa mota vipo, kama Nike Adapt BB ya mwaka 2019, ila hiyo ilitengenezwa kwa mpira wa kikapu na huhitaji kuchajiwa.

Kwa mtoto, chagua velkro na uangalie nafasi ya vidole kila baada ya miezi miwili. Watoto hawasemi kwamba kiatu kinabana. Huacha tu kupenda mazoezi.

## Hatua ya 5: Vaa na ukaze kwa mpangilio

Legeza kifungio chote kabisa. Ingiza mguu, kisha gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu, vidole vikiwa juu. Unataka kisigino kiegemee nyuma kabla ya kukaza. Ukikaza kikiwa mbele, unakifungia mahali pabaya.

Kaa, goti likiwa limekunjwa na wayo wote sakafuni. Kwa kitufe, zungusha hadi ulegevu uishe, simama, ongeza tiki mbili au tatu. Hesabu jumla na uikumbuke. Kwa velkro, anza na mkanda wa mbele kwenda wa juu, mkono mmoja ukishikilia ulimi usipinde. Kwa uzi wa kibano, vuta ulegevu kutoka matundu ya mbele kwa kidole, jozi kwa jozi, kabla ya kushusha kibano, la sivyo mkazo wote utaishia juu.

Onyo: ganzi, vidole kupoa, au mpigo wa damu unaousikia juu ya mguu maana yake umekaza mno. Legeza mara moja. Ikiwa lazima ukaze kiasi hicho ili kisigino kitulie, kiatu ni kikubwa.

Kikikaa sawa, mguu unashikwa kama unavyoshikwa mkono wakati wa kusalimiana na mtu mwenye heshima zake: imara, bila kubanwa.

## Hatua ya 6: Majaribio manne kabla ya kukubali

Fanya yote ukiwa umevaa viatu vyote viwili.

1. Nafasi ya mbele. Simama wima. Kati ya kidole kirefu na ncha kuwe na nafasi kama nusu ya upana wa dole gumba la mkono, hadi dole gumba zima.

2. Kukita upande. Hatua tatu za haraka kwenda kulia, kita mguu wa nje, rudi. Halafu kushoto. Mwambie mtu atazame ukingo wa kidole kidogo. Ukimwagika nje ya soli, kiatu ni chembamba au mwili wake ni laini mno.

3. Mstari wa kalamu. Hili ndilo jaribio ninalowaomba msiliruke. Ukiwa umeshafunga, chora mstari mfupi kwenye soksi, nyuma ya kifundo, usawa wa ukingo wa kiatu. Sasa chupa mbele mara 20 kwa mguu unaotangulia unapofuata kinyoya, ukitua kwa kisigino. Tazama. Mstari ukipanda juu ya ukingo, kisigino kinainuka. Mimi hukubali milimita 3. Zikizidi, ongeza tiki moja au kaza mkanda, urudie. Zikizidi tena, kiatu si chako, hata kikiwa kizuri namna gani.

4. Dakika 10. Baki navyo, tembea, chuchumaa, panda na kushuka ngazi moja. Kisha vua, uvue na soksi, utazame ngozi. Alama nyekundu inayofutika upesi ni sawa. Mstari mwekundu wa waya, au doa juu ya mfupa, litakuwa lengelenge baada ya seti mbili.

Ukitumia insoli yako, toa ya kiatu kwanza. Insoli mbili humwinua mtu, na kisigino hutoka kwenye ukuta wake.

## Hatua ya 7: Zoea kabla ya mechi

Cheza mazoezi mawili au matatu mepesi. Kiatu kipya hulegea kidogo kikipata joto, kwa hiyo ile hesabu ya tiki itabadilika, andika mpya.

Kisha fanya zoezi la saa. Kanuni za Shirikisho la Badminton Duniani (BWF) zinataka mchezo uendelee bila kukatizwa. Katika mfumo wa pointi 21, mapumziko hayazidi sekunde 60 anayeongoza anapofika 11, wala sekunde 120 kati ya seti na seti. Nje ya hapo, kusimama ujifunge kunataka ruhusa ya mwamuzi. Jizoeze kulegeza na kukaza miguu yote miwili ndani ya sekunde 20, raketi ikiwa kwapani. Uzuri wa kuachana na kamba unaonekana hapo: unalegeza unapokunywa maji, damu inarudi vidoleni, unakaza, unaingia.

## Hatua ya 8: Matunzo

Fungua kifungio chote kabla ya kuvua. Anayevua kwa kukanyaga kisigino cha kiatu kingali kimekazwa huuvunja ule ukuta tulioubonyeza katika hatua ya 3, na raba inakufa ingali na soli nzuri.

Velkro hujaa nywele na nyuzi za soksi. Zichokonoe kwa sindano, umalize kwa mswaki mkavu wa zamani. Kuosha kwa maji pekee hakutoi kitu.

Kitufe kikianza kukwama, kipige brashi kavu, kisha kifute kwa kitambaa chenye maji. Usiweke mafuta, yanakusanya vumbi. Chunguza waya kila mwezi pale unapoingia kwenye kitufe. Nyuzi zikianza kuchomoza, badilisha kabla haujakatika. BOA hutoa dhamana ya vitufe na waya kwa muda wote wa maisha ya kiatu, kwa hiyo hifadhi jina kamili la raba na picha ya kitufe chako ili upate kifaa kinacholingana nacho.

Waya ukikatika mechini, kamba ya kawaida haitakusaidia, kwa kuwa raba nyingi za kitufe hazina matundu ya kamba. Beba kifaa cha akiba kwenye mkoba ukiwa umeshajifunza kukifunga nyumbani, au zile raba za zamani ulizozigeuza kuzitazama mwanzoni.